Kwenda Pemba kwa mara ya kwanza: mwongozo kwa tuliozaliwa Maskati

Nilipofika Mtambwe mara ya kwanza nilikuwa na ramani kwenye simu, picha mbili za zamani na umri mzima wa kuambiwa "kwetu Pemba". Ramani haikunifaa, picha hazikunifaa. Mzee mmoja aliyekuwa barazani na gahawa yake aliniangalia kuanzia viatu hadi mtandio, akauliza, "Wewe wa nani?" Nikamtaja mama. Hamjui. Nikamtaja babu kwa jina kamili, na la baba yake, na kabila, kama ilivyoandikwa kwenye pasi. Akatikisa kichwa. Ndipo nikakumbuka jina la utani la babu ambalo mama aliniambia usiku wa kuamkia safari, tena kwa haya: Kipungu. Mzee akaweka kikombe chini. "Mjukuu wa Kipungu! Sasa si ungesema tangu mwanzo?" Haikupita robo saa nimezungukwa na watu ishirini, nusu yao wana pua ya mama yangu.

Haya ninayoandika ni kwa wenzangu: mliozaliwa Maskati, Dubai na kwingineko Ghuba, mama au baba katoka Unguja au Pemba, Kiswahili mnakisema nyumbani lakini kisiwa hamjakikanyaga. Aliyezaliwa London au Toronto mengi yatamfaa pia.

Hatua ya kwanza: majina kabla ya tiketi

Kaa na mzazi wako jioni tatu au nne, siyo moja. Usimwambie "nihadithie ya zamani", atakupa yale yale uliyoyasikia. Muulize vitu vidogo. Babu na bibi waliitwa nani mtaani? Kitongoji kiliitwaje enzi hizo, na sasa kiko shehia gani, yaani eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha? Msikiti gani walisali, kisima gani waliteka maji, chuo cha Kurani kilikuwa kwa mwalimu nani? Shoga zake walikuwa kina nani, na wameolewa wapi?

Uliza pia nani walinyonya pamoja. Hili watoto wa Maskati tunalisahau, na Pemba ni jambo kubwa. Kuna bwana mmoja alinijia mikono wazi nikarudi nyuma hatua mbili, kumbe ni ndugu wa kunyonya wa mama, yaani mjomba wangu halali. Alicheka, lakini niliona imemchoma.

Halafu orodha ya waliokufa. Andika nani kafa na takriban lini, maana hao utakwenda kuhani hata kama imepita miaka kumi. Na mwisho swali ambalo mama atalikwepa: nani hasemeshani na nani? Likimshinda yeye, muulize mama mdogo au shangazi aliye hapo hapo Maskati. Ukifikia nyumba isiyofaa usiku wa kwanza, wiki yako yote itakuwa ya kusuluhisha ugomvi wa mikarafuu ulioanza kabla hujazaliwa.

Rekodi sauti yake anapotaja majina. Matamshi yana maana, na Wapemba hawasemi kama tunavyoandika.

Kama mzazi hataki kurudi, mwache. Wengi walioondoka mwaka 1964, mwaka wa mapinduzi, na miaka iliyofuata hawakuaga mtu. Walipanda jahazi usiku. Wengine walikaa Mombasa au Dubai hadi Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 na mlango wa Omani ukafunguka. Mama yangu tulimbembeleza miaka mingi akawa anabadilisha mazungumzo. Siku nilipokata tiketi peke yangu ndipo alipoanza kutaja majina, akiwa anakuna nazi, bila kuniangalia.

Hatua ya pili: wakati

Epuka masika, Machi hadi Mei. Njia za ndani zinateleza, na mialiko inakwama kwa sababu ya mvua. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna kipupwe, hewa nzuri, ila upepo wa kusi huchafua bahari na mkondo wa Pemba haumwonei mtu huruma. Desemba hadi Februari ni joto, lakini sisi wa Maskati joto la kututisha ni lipi?

Ramadhani sikushauri kwa safari ya kwanza. Watu wako wamefunga, mchana hakuna anayezunguka, na wewe unataka kuzungushwa. Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Idi, ndio wenyewe: harusi zimeanza tena, na harusi moja itakukutanisha na ukoo ambao ungeutafuta kwa wiki mbili. Tatizo ni kwamba miaka hii unaangukia jirani na masika, kwa hiyo pima mwenyewe. Msimu wa karafuu ni mzuri kwa macho, barabara zimetandikwa majamvi na kisiwa kizima kinanukia, lakini wenyeji wako watakuwa juu ya miti au wanachambua vikonyo usiku kucha. Utakaa peke yako labda ukubali kuchambua nao, na hilo si wazo baya.

Mwezi wa uchaguzi mkuu, Oktoba ya kila mwaka wa tano, usiende. Uliopita ni wa 2025.

Hatua ya tatu: karatasi

Utaingia kama mgeni, na ni vizuri ulimeze hilo ukiwa bado kwenu. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Omani nayo ni hivyo hivyo. Nilimwambia afisa wa uhamiaji kwamba mama yangu ni wa Wete. Akatabasamu, akasema "Karibu nyumbani," akanyoosha mkono kupokea dola 50.

Viza omba mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji ya Tanzania, wiki mbili tatu kabla. Ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50 kwa raia wa nchi nyingi. Wenye pasi ya Marekani hulipa 100. Viza hiyo moja inatosha Bara na Visiwani. Fomu itataka mahali utakapofikia: jaza jina na simu ya mwenyeji wako, na umwambie, asije akapigiwa akasema hakujui.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni asiye mkaazi anayeingia Zanzibar lazima awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Bima yako nyingine haihesabiki hata kama ni ya dhahabu. Ilipie mtandaoni mapema, uchapishe karatasi.

Kadi ya homa ya manjano huulizwi ukipanda ndege ya moja kwa moja kutoka Maskati. Ukipitia Addis Ababa au Nairobi na ukakaa huko zaidi ya saa kumi na mbili, utaulizwa. Chanja, yaishe.

Beba pia nakala ya karatasi yoyote ya zamani ya mzazi: cheti cha kuzaliwa, cha shule, hata kadi ya kliniki. Pasi zetu za Omani zina kabila mwishoni, na huenda jina hilo halimo kwenye kumbukumbu za Pemba. Anayetaka kuchimba zaidi, Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, Unguja. Tenga siku nzima.

Afya

Kinga ya malaria mama hakukurithisha. Malaria Zanzibar imepungua sana lakini haijakwisha, kwa hiyo muone daktari kabla ya safari na ulale ndani ya chandarua hata kama binamu zako wanakucheka. Maji ya chupa au yaliyochemshwa. Usioge mtoni wala bwawani, hata mama akikusimulia alivyokuwa akiogelea hapo: kichocho kipo Pemba. Baharini oga utakavyo.

Hatua ya nne: zawadi, na sanduku lisifunguliwe

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilibeba halua ya Maskati kilo sita. Mama mkubwa aliionja, akatafuna taratibu, akasema, "Nzuri. Ina waridi nyingi." Kesho yake akaniletea halua ya kwao kwenye sahani, bila kusema neno, akakaa kunitazama nikila. Wapemba wana halua yao. Peleka kidogo, kwa heshima, usiitegemee. Kofia nazo usibebe. Zile za kushonwa kwa mkono wanashona wao, na huenda hiyo uliyonunua soko la Mutrah, Maskati, imetoka huko huko.

Vilivyopokewa kwa furaha ya kweli ni hivi. Udi na bukhuri, siku zote. Mashuka ya pamba. Kipimo cha presha na kipimo cha sukari chenye vijiti vya kutosha, kwa sababu wazee wetu wa huko wana sukari kama wa huku. Na miwani ya kusomea. Nilinunua ishirini za bei ndogo, za nguvu mbalimbali, kuanzia moja na nusu hadi tatu, nikafikiri watanicheka. Zilikwisha siku moja. Bibi mmoja alivaa ya pili aliyojaribu, akafungua msahafu, akasoma mstari mmoja kwa sauti, halafu akanyamaza akiwa ameweka kidole pale pale. Baadaye akaniuliza kama ninazo mbili, maana shoga yake anakaa ng'ambo ya pili ya mtaa.

Kosa langu ni kufungua sanduku ukumbini usiku wa kwanza, watu wote wakiwepo. Mpaka adhana ya Isha halikubaki kitu, na dada mkubwa wa mama, aliyekuwa njiani anatoka Konde, akakuta mashuka yamekwisha. Sanduku mkabidhi mwenyeji wako likiwa limefungwa, chumbani, na orodha ya majina. Yeye anajua nani anapewa nini na nani asione nani kapewa nini. Wewe kazi yako ni kukaa na kusalimiwa.

Usifunge vitu kwa mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku Zanzibar na Bara. Vikapu na mifuko ya nguo.

Hatua ya tano: pesa

Viza unalipia dola, lakini tangu Machi 2025 ni kosa kuuziana bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Badilisha Unguja, noti ziwe mpya na safi. Pemba mashine za kutolea pesa ni chache. Benki ya PBZ ina tawi Chake Chake, lakini usiende kisiwani ukitegemea mashine moja.

Kisha kuna pesa ya watu. Kabla hujaondoka amua kiasi chote utakachotoa, kigawe kwenye bahasha, na kisizidi. Wazee wapewe mkononi wakati wa kuaga, bahasha imekunjwa, bila kutaja. Maombi makubwa, ya bati, ya ada, ya pikipiki, yatakuja, mara nyingi usiku na kwa sauti ya chini. Jibu langu lilikuwa "nitazungumza na mama", na lilikuwa kweli, nilizungumza naye. Kuna jambo moja usiahidi hata kwa mzaha: viza ya Omani. Kijana mmoja nilimwambia "tutaona" kwa adabu tu. Mpaka leo ananitumia nakala ya pasi yake kila Idi.

Hatua ya sita: njia

Maskati hadi Unguja kwa ndege ya moja kwa moja ni saa tano na nusu hivi. Lala Unguja usiku mmoja angalau, na kama una jamaa Ng'ambo au Michenzani wasalimie kabla hujavuka. Pemba watapata habari, na Unguja wataudhika.

Kutoka Unguja kuna ndege ndogo hadi uwanja wa Pemba, Chake Chake, nusu saa. Au boti kutoka Malindi hadi Mkoani, na nyingine hufika Wete. Mimi nasema mara ya kwanza nenda kwa boti hata kama una pesa ya ndege. Chagua siku ya bahari tulivu, kaa nyuma na chini ambako mtikisiko ni mdogo, chukua tangawizi, na pasi iwe karibu. Utakiona kisiwa kinainuka kijani tupu, vilima juu ya vilima, hakifanani kabisa na Unguja, achilia mbali majabali yetu.

Chake hadi Wete ni kilomita thelathini, haifiki saa moja kwa gari. Plagi za umeme ni zile zile zetu za miguu mitatu. Umeme unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010 na hukatika mara moja moja. Taa ya kuchaji ni zawadi nyingine nzuri. Laini ya simu isajili Unguja kwa pasi na alama za vidole.

Hatua ya saba: siku tatu za kwanza si zako

Usifikie hotelini. Najua hoja zote, choo, faragha, intaneti. Mgeni wa damu akilala hotelini wenyeji huulizwa mtaani wamekosa nini. Lala kwao siku tatu, oga kwa ndoo na kata, kisha ukitaka kupumzika sema unakwenda kuangalia msitu wa Ngezi, utafute chumba huko siku mbili. Mwenyeji atakwenda kwa sheha kusema ana mgeni. Kama hakusema, mkumbushe.

Siku hizo tatu ni za kupelekwa. Utatolewa nyumba hadi nyumba kwa mpango ambao si wako: wakubwa kwanza, waliofiwa kwanza, wagonjwa kwanza. Usipendekeze ratiba. Nyumba yenye msiba, hata wa zamani, ukishasalimia sema, "Nimekuja kuhani, na mama anakuhanini." Kaa chini, soma fatiha, nyamaza. Hawakutarajii ulie.

Shikamoo kwa kila aliyekuzidi, hata kama Maskati tunamaliza kwa salamu alaykum. Kila nyumba utapewa chakula. Nyumba ya kwanza usishibe. Mimi nilimaliza sahani ya boko boko saa nne asubuhi kwa sababu lilikuwa kama la bibi yangu wa Omani, na mbele yangu kulikuwa na nyumba tano.

Jina utapewa. Maskati tunaitwa Wazinjibari, hilo umelizoea. Pemba watoto walinifuata wakiita "Mmanga! Mmanga!", yaani Mwarabu wa Omani. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu mama mkubwa alimwambia jirani, "Huyu Mmanga wetu," nikaona ile "wetu" imekaa mahali pake, nikaacha. Lafudhi yao usiiige, wataona unawacheza shere. Usipoelewa, uliza, Kipemba cha kasi hata Waunguja kinawashinda.

Makaburi

Mwambie mwenyeji mapema, yeye amtafute anayejua. Makaburi mengi ya vijijini hayana jina, kuna jiwe au mti, na anayekumbuka ni mzee mmoja. Kuna nyumba ambazo wanawake hawaendi kaburini. Nilisimama nje ya uwanja, binamu yangu akaenda akanionyesha kwa mkono, ikatosha. Ukitaka kumsomea marehemu hitima, mpe mzee wa ukoo pesa ya mchele na mbuzi siku mbili tatu kabla, naye atapanga. Usinunue mwenyewe. Utalipia zaidi, na wapishi hawatakuheshimu.

Nyumba na shamba

Hapa nenda kwa miguu laini. Baada ya mapinduzi mashamba mengi yalitaifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Shamba ambalo mama analiita "letu" huenda lina mwenyewe mwingine, mwenye karatasi, aliyezeeka humo. Tena Zanzibar ardhi ni kitu kimoja na mti ni kingine: mtu anaweza kuwa na mikarafuu juu ya ardhi ya mwenzake. Binamu zako wamepalilia na kuchuma miaka yote mlipokuwa Maskati. Safari ya kwanza usiulize hesabu, usipige picha mipaka, usiseme neno "urithi". Omba tu upitishwe. Mimi nilipitishwa na mke wa mwenye shamba wa sasa, akanichumia madafu, akanionyesha mwembe ambao mama aliniambia alianguka kutoka juu yake akavunja mkono. Mwembe upo. Nikampigia mama video, akaangalia kimya, akauliza tu kwa nini kisima kimefukiwa.

Mazungumzo ya 1964 hayaanzishwi na mgeni. Ndani ya ukoo mmoja utakuta waliofurahi na waliokimbia, na leo wanakula sinia moja.

Siku ya kuondoka

Acha nusu ya sanduku tupu, kwa sababu litajazwa: halua, vileja, mikeka, viungo. Karafuu kubali pakiti ndogo ya dukani yenye risiti. Gunia hapana, karafuu hununuliwa na shirika la ZSTC peke yake na magendo yake ni kesi. Na kila kifurushi andika juu jina la anayepelekewa, kwa kalamu isiyofutika. Mimi sikuandika. Nilipofika Maskati simu zilianza kabla sijavua viatu, wanawake wanne kila mmoja ana uhakika kwamba mkeka mwekundu ni wake.